Sare ya hatua ya tisa: lini uikubali, lini uendelee kucheza

Swali: Shikamoo mwalimu. Nachezea klabu moja ya sataranji hapa Moshi. Kwenye shindano la wikiendi Arusha niliingia raundi ya sita, ya mwisho, nikiwa na pointi 4.5 kati ya 5, na mpinzani wangu alikuwa na hizo hizo. Kabla hatujakaa alinivuta pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, tuchukue sare tu, zawadi tutagawana, na wewe utawahi gari." Tukacheza hatua 9, tukapeana mikono. Mwamuzi akakataa. Akasema kanuni za shindano zinataka hatua 30, akaturudisha mezani. Nilichanganyikiwa, nikapoteza. Je, mwamuzi alikuwa na haki? Na ni wakati gani ni sawa kukubali sare mapema?

Jibu: Marahaba, na pole kwa ule mchezo. Mwamuzi alikuwa na haki. Tena alikuonea huruma, na nitakueleza kwa nini.

Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zilizoanza kutumika Januari 1, 2023 zinaruhusu sare ya makubaliano. Kipengele cha 5.2.3 kinasema wachezaji wanaweza kukubaliana sare wakati mchezo unaendelea, mradi kila mmoja ameshacheza angalau hatua moja. Kipengele cha 9.1.1 kinampa mwandaaji haki ya kuweka kizuizi: anaweza kukataza sare ya makubaliano kabla ya idadi fulani ya hatua, au kuikataza kabisa, isipokuwa kwa idhini ya mwamuzi. Hatua 30 ndiyo idadi utakayoikuta mara nyingi. Huandikwa kwenye tangazo la shindano au kubandikwa ukutani karibu na ratiba ya meza. Hukusoma, na hilo si la mwamuzi.

Sasa angalia vizuri, maana hapa pana makosa mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni kupeana mikono hatua ya 9 penye kanuni ya 30. Hilo ni kosa dogo, na dawa yake ndiyo uliyopewa: saa inawashwa, mnaendelea. La pili ni yale maneno ya pembeni. Kanuni inasema sare inakubaliwa wakati wa mchezo. Ikikubaliwa nje ya ukumbi kabla ya hatua ya kwanza, ni kupanga matokeo, hata kama hakuna aliyepokea shilingi. Na neno "zawadi tutagawana" linazidisha uzito. Desemba 2023, kwenye Ubingwa wa Dunia wa Blitz, yaani michezo ya dakika chache, mjini Samarkand, Daniil Dubov na Ian Nepomniachtchi walicheza hatua 13 za farasi peke yao. Wakawazungusha farasi hao ubaoni, kisha wakachukua sare. Mwamuzi mkuu aliifuta sare ile na kumwandikia kila mmoja sifuri. Mwamuzi wako angeyasikia yale maneno ya pembeni, nanyi mngeweza kuandikiwa sifuri wote wawili. Siku nyingine mtu akikuanza hivyo, mjibu kwa heshima, "Kaka, tutaona ubaoni," kisha ondoka hapo.

Kanuni ya hatua 30 haigusi aina nyingine za sare. Mkwamo, yaani mwenye zamu hana hatua halali na mfalme wake hajapigwa cheki, unabaki sare, na kadhalika hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogea, na mkao uleule kutokea mara tatu. Hiyo ya tatu ndiyo mlango wanaopitia wanaotaka kukwepa kanuni. Iko njia maarufu sana katika ufunguzi uitwao Ulinzi wa Berlin: malkia mweupe aliye mraba wa d4 anakwenda e4 kutoa cheki, malkia mweusi aliye d6 anaziba kwa kwenda e6, mweupe anarudi d4, mweusi anarudi d6. Wakizunguka hivyo mara mbili, kufikia hatua ya 14 mkao umetokea mara tatu na sare inaweza kudaiwa kihalali. Siipendi, lakini mwamuzi hana la kufanya labda kanuni za shindano ziwe zimeiwekea utaratibu.

Ukitaka kudai sare ya marudio, fuata mpangilio huu, kwa sababu hapa wengi huharibu. Kama ni hatua yako ndiyo itakayoleta mkao mara ya tatu, iandike kwenye karatasi yako lakini usiicheze. Simamisha saa, mwite mwamuzi, mwambie unachodai. Ukishaicheza na kubonyeza saa, zamu si yako tena na haki ya kudai imehamia kwa mwenzako. Kama mkao umeletwa na hatua ya mpinzani, dai kabla hujagusa kete. Mara tatu si lazima zifuatane, ila zamu iwe ya mchezaji yuleyule na haki za kumhifadhi mfalme kwa ngome ziwe zilezile. Dai likiwa la uongo, mpinzani anaongezewa dakika mbili na mchezo unaendelea kwa hatua uliyoiandika. Mkao ukifika mara tano, mwamuzi anaumaliza mchezo mwenyewe bila kuombwa.

Turudi kwenye zawadi, maana nahisi ndiyo iliyokuvuta. Tupige hesabu kwa mfano. Zawadi ni Sh 300,000, Sh 200,000 na Sh 100,000, na wenye pointi sawa wanajumlisha zawadi za nafasi zao na kugawana. Ninyi wawili mna 4.5. Nyuma yenu wapo watatu wenye 4: wawili wanakutana meza ya pili, wa tatu ameshushwa meza ya tatu kucheza na mwenye 3.5.

Tuseme meza ya pili inapata mshindi na yule wa tatu anashinda. Mkitoa sare mnafika 5, na hao wawili wanafika 5. Watu wanne mnagawana Sh 600,000, kila mmoja Sh 150,000. Mkipigana, mshindi anachukua 300,000 peke yake na aliyeshindwa hapati kitu. Kama nguvu zenu ni sawa kabisa, wastani wa kupigana ni 150,000 ileile. Sare uliyoiona kama hazina haijakupa hata senti ya ziada. Imekuondolea wasiwasi tu. Na kama wewe ndiye mwenye nguvu kidogo zaidi siku ile, umejipunja.

Lakini tuseme meza ya pili wametoka sare na yule wa tatu naye katoka sare. Hapo mkitoa sare mnabaki wawili tu juu, mnagawana 500,000, kila mmoja 250,000. Mkipigana, mshindi anapata 300,000, na aliyeshindwa anabaki na 4.5 pamoja na wale watatu. Wanne hao wanagawana 300,000, kila mtu 75,000. Wastani wa kupigana ni 187,500. Sasa sare inalipa, tena vizuri.

Umeona tofauti? Mkao ubaoni ni uleule, wachezaji ni walewale, na bado jibu sahihi linategemea meza ambazo hatua ya 9 bado hazijaamua lolote. Hiki ndicho ninachotaka ukishike kuliko vyote: sare ya mapema inauza taarifa ambazo zingekufikia bure. Ukicheza hadi hatua ya 30 au 35, saa moja na nusu imepita. Unaweza kusimama wakati saa ya mpinzani inatembea, ukapita meza ya pili na ya tatu bila kuzungumza na mtu, ukarudi ukijua sare ina thamani gani. Ombi la sare lipo hatua ya 35 kama lilivyokuwepo hatua ya 9.

Kabla ya raundi, uliza pia kama zawadi zinagawanwa au zinafuata vigezo vya kutenganisha. Kama ni vigezo, mara nyingi ni Buchholz, yaani jumla ya pointi za wapinzani wote uliokutana nao. Mkitoka sare, matokeo yenu wenyewe hayamtenganishi mtu, kwa hiyo mwenye Buchholz ya juu anachukua 300,000 na mwingine anashuka. Shindano likiwa limewekwa kwenye tovuti ya matokeo ya Chess-Results, unaweza kuzijumlisha pointi hizo ukiwa kwenye mapumziko ya chakula. Ukikuta ya mpinzani iko juu, sare aliyokuletea pembeni ilikuwa na faida kwake yeye.

Kuhusu reitingi, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji, nitasema kidogo. Mchezaji wa 1500 akitoka sare na wa 1700, matarajio ya jedwali la FIDE kwake yalikuwa 0.24, amepata 0.5, amezidi kwa 0.26. Kwa kizidishi cha 20 anapata pointi 5.2; kijana wa chini ya miaka 18 mwenye kizidishi cha 40 anapata 10.4. Mwenye 1700 na kizidishi cha 20 anapoteza 5.2. Hivyo mkubwa akikuletea sare mapema, ujue kuna kitu amekiona: ama mkao wake haumridhishi, ama saa yake imekwisha, ama amechoka. Hizo zote ni sababu za wewe kuendelea.

Kuna sare za mapema zilizofanywa kwa akili, siwezi kukataa. Novemba 2018 jijini London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walifika mchezo wa 12 wa ubingwa wa dunia wakiwa wametoka sare michezo yote 11. Carlsen, akiwa na kete nyeusi, alikuwa na mkao mzuri zaidi na muda mwingi zaidi, na bado aliomba sare hatua ya 31, mara tu baada ya kizuizi cha hatua 30 kupita. Wengi walimlaumu. Siku mbili baadaye alishinda michezo ya haraka 3–0. Alijua kwamba baada ya sare kunakuja kitu anachokimudu kuliko mpinzani wake. Hilo ndilo jaribio: baada ya hii sare, kinachofuata kina faida kwangu? Wewe baada ya sare yako hapakuwa na michezo ya haraka. Palikuwa na gari.

Sababu nyingine halali ni ugonjwa, na mechi za timu. Timu ya meza nne ikiongoza 2–1, nusu pointi inatosha kumaliza kazi. Kapteni anaruhusiwa kumwambia mchezaji "omba sare" au "kubali", kwa maneno mafupi tu, bila kutia neno kuhusu mkao. Akisema "kubali, farasi wako amebanwa," amevunja kanuni.

Waandaaji wamejaribu dawa nyingi dhidi ya sare hizi. Mashindano ya M-Tel mjini Sofia mwaka 2005 yalipiga marufuku wachezaji kukubaliana sare wao kwa wao. Mengine yanatoa pointi 3 kwa ushindi na 1 kwa sare, kama mpira. Kwa shindano la wikiendi, hatua 30 inatosha.

Sasa tuje kwenye ombi lenyewe, jinsi ya kulitoa na kulipokea. Utaratibu ni huu: unacheza hatua yako ubaoni, unasema "naomba sare", ndipo unabonyeza saa. Kisha wote wawili mnaandika alama (=) kwenye karatasi zenu pembeni ya hatua hiyo. Ukiomba kabla ya kucheza, ombi linasimama, wala huwezi kulirudisha, na mpinzani ana haki ya kukuambia ucheze kwanza aone. Hapo unajikuta umeshaonyesha woga na bado unatakiwa kupata hatua nzuri. Ukiomba wakati yeye anafikiri, unamsumbua. Ukirudia kila baada ya hatua tatu, mwamuzi anaweza kukuonya au kumwongezea mwenzako muda. Wala usiweke masharti: "sare, lakini zawadi nusu kwa nusu" hairuhusiwi.

Ukiombwa wewe, usijibu haraka. Hakuna kinachokukimbiza isipokuwa saa yako. Ombi linabaki hai hadi ulikubali kwa mdomo, ulikatae kwa mdomo, au uguse kete kwa nia ya kuicheza. Hapo ndipo vijana hupoteza: mkono unatangulia, anashika askofu huku bado anawaza, na ombi limekufa mkononi mwake. Kaa na mikono chini ya meza. Tafuta hatua ambayo ungeicheza kama hakuna aliyesema neno. Ukiipata, na baada yake mkao wako haujaharibika, icheze. Hiyo ndiyo hapana yako. Ukitafuta dakika nne, tano, ukaona kila hatua inakushusha, sema "nakubali" kwa sauti. Kutikisa kichwa hakutoshi, na kunyoosha mkono peke yake ni hatari zaidi, maana wapo waliopeana mikono mmoja akidhani sare na mwingine akidhani ameshinda. Simamisheni saa, andikeni ½–½ kwenye karatasi zote mbili, kila mmoja asaini zote mbili. Ndipo muinuke.

Angalia saa kabla ya kuamua. Una dakika 31 na yeye ana 6? Mkao ulio sawa kwa mwenye dakika 6 si sawa hata kidogo. Malkia wote wawili bado wapo ubaoni na mfalme wake hajahifadhiwa? Endelea. Mmebaki na maaskofu wa rangi tofauti na askari sawa, wote upande mmoja? Hapo sare ni halali ya roho, ichukue.

Na sasa nikuambie ninachokiona chini ya sare nyingi za mapema hapa kwetu. Mara nyingi si hesabu ya zawadi, ni woga wa mwisho wa mchezo. Mtu amejifunza ufunguzi hadi hatua ya 12, anajua mitego yake, lakini kete zikipungua hajui aende wapi. Basi anaomba sare akiwa bado kwenye eneo analolijua. Dawa yake ni kujua mikao michache kwa moyo, na wa kwanza ni ulinzi wa Philidor. Tuseme wewe ni mweusi, una mfalme na ngome. Mweupe ana mfalme, ngome na askari mmoja. Mfalme wako amekaa mbele ya askari yule, kwenye mstari wa 8. Weka ngome yako mstari wa 6 na itembeze kulia na kushoto, ili mfalme mweupe asipate pa kukanyaga. Usiondoke hapo hadi askari mweupe mwenyewe asogee mstari wa 6. Akishasogea tu, peleka ngome yako chini kabisa, mstari wa 1, uanze kumpiga mfalme mweupe cheki kutoka nyuma. Hana pa kujificha, kwa sababu askari aliyekuwa amfunike amekwishapita mbele. Wanaokosea huishusha ngome mapema, askari akiwa bado mstari wa 5, na mfalme mweupe anaingia mstari wa 6 mbele ya askari wake. Mkao unakuwa mgumu ghafla.

Ukiujua huo vizuri, hutaogopa kubaki na askari mmoja pungufu, na sare ya hatua ya 9 itakuwa haina mvuto tena. Zoezi la klabuni ni hili: chukua karatasi za sare zako za mapema, panga mkao ule mliposimama, cheza na mwenzako kwa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10, kisha mbadilishane rangi. Anza na huo wa Arusha. Mikao mitatu kwa wiki, mwezi mmoja, inatosha uanze kuona ulikuwa unaacha nini mezani.

La mwisho ni gari, na hapa nawasemea waandaaji pia. Mchezo wa dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30, ukifika hatua 60, kila mmoja ana dakika 90, jumla saa tatu. Raundi ya mwisho ikianza saa tisa alasiri, meza ya kwanza inaweza kumaliza saa kumi na mbili jioni, na mtu wa Moshi bado ana kilomita 80 za barabara mbele yake. Anayepanga ratiba hiyo ameshapanda mbegu ya sare za hatua 9. Raundi ya mwisho ianze saa sita mchana, hata kama Jumamosi itabidi ianze saa mbili asubuhi. Na wewe, kabla ya kulipa ada ya kushiriki, uliza raundi ya sita inaanza saa ngapi. Wakikuambia saa tisa, tafuta pa kulala Arusha usiku wa Jumapili, uondoke Jumatatu alfajiri.